Sura Saba Zilizobaki

Kija Ngosha alimtambua Mwalimu Luhende kabla hajamwona uso. Alimtambua kwa kikohozi. Kilikuwa kikohozi kifupi, kikavu, cha mtu anayetaka watu wanyamaze kwanza ndipo aingie. Miaka kumi na minne nyuma kilikuwa kikisikika nje ya dirisha la darasa la sita kule Kiseke, na darasa zima likakaa wima.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema, akajikuta amesimama.

"Marahaba. Mwenye ofisi yupo?"

Mwalimu hakumkumbuka. Alikuwa amestaafu sasa, nywele zimekuwa nyeupe, suti ya Kaunda imepwaya mabegani, lakini shingo ilikuwa ile ile, haigeuki mpaka mwili mzima ugeuke. Kwapani alibana madaftari makubwa manne yaliyofungwa kwa mpira wa baiskeli.

Kija alikwenda nyuma kumwita Bi Hellen, mwenye ofisi.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Siku moja darasani aliambiwa asome kwa sauti. Akafika kwenye neno karatasi, akasema kalatasi. Kwao, Kisukuma ndicho walichochekea na ndicho walicholilia, na ulimi wake haukuwa umejua bado kwamba l na r ni vitu viwili. Mwalimu Luhende hakumpiga. Angempiga yangeisha. Alimpandisha juu ya dawati, akaandika KALATASI kwa wino mwekundu kwenye ukurasa wa daftari, akaubandika kwa pini mgongoni kwake, akamwamuru asiutoe mpaka Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Kija alirudi nyumbani nao, akachota maji nao, akaenda shule nao. Ijumaa ulipotolewa, jina lilibaki. Hadi anamaliza la saba alikuwa Kalatasi, hata kwa watoto wa darasa la pili. Hakunyoosha tena mkono darasani, na mtihani wa kwenda sekondari alishindwa.

Kuchapa alijifunza baadaye kwa masista. Na r alijifunza peke yake, akisoma magazeti ya zamani kwa sauti katika chumba chake cha kupanga Mabatini, usiku hadi usiku, mpaka ulimi ukauma. Akiwa ametulia, hakosei. Akiogopa au akiharakishwa, ulimi ulirudi kwao.

Ofisi ya Bi Hellen ilikuwa Mirongo, mjini Mwanza, chumba kimoja kati ya duka la vipuri vya baiskeli na fundi wa makoti. Alikuwa na kompyuta mbili, na mwaka ule wa tisini na tano kazi zilikuwa hazikatiki, umeme ndio uliokatika. Walikuja wenye biashara ya sangara kuchapisha barua za nje, walikuja waliopunguzwa kazi viwandani kuchapisha maombi ya kazi nyingine, na walikuja wagombea wa vyama vipya na vikaratasi vyao vya kampeni.

Mwalimu Luhende alifungua mpira wa baiskeli, akayapanga madaftari juu ya meza.

"Nimeandika kitabu," alimwambia Bi Hellen. "Kinaitwa *Ulimi Ulionyooka*. Makosa yote ya Kiswahili yanayosemwa huku kwetu Kanda ya Ziwa, na usahihi wake. Miaka thelathini nimeyakusanya. Sasa vitabu vimeachwa huria, mtu hangoji tena serikali imchapishie. Nitakitoa mwenyewe, nitakiuza mwenyewe shuleni."

"Hongera, Mwalimu. Kitachukua muda, lakini kitatoka."

"Nani atakayechapa? Huyu binti?" Shingo na mwili vikageuka pamoja. "Basi nisikilize, binti. Kazi yako ni vidole. Neno langu usiliguse. Ukiona unadhani nimekosea, ujue wewe ndiye uliyekosea."

"Ndiyo, Mwalimu," alisema Kija. Maneno hayo hayana r.

Alianza kuchapa mwezi wa pili. Kitabu kilikuwa na sura tisa, na kila ukurasa ulikuwa na safu mbili. Safu ya kushoto ilikuwa na kichwa KOSA, ya kulia ilikuwa na kichwa SAHIHI. Habali, habari. Balabala, barabara. Mrango, mlango. Kwa ajili ya watu wa Mara, samba na shamba. Kati ya orodha mwalimu aliweka maelezo na visa vya kufundishia. Kila Alhamisi alifika na kalamu nyekundu kukagua kurasa zilizotoka, akazisoma amesimama, na akikuta nukta imeruka alimwita Kija kwa kidole.

Katika sura ya tatu Kija alikutana na kisa chake mwenyewe. Kiliandikwa hivi: "Mwandishi aliwahi kumfundisha binti mmoja mzito wa kichwa aliyesema kalatasi. Kwa kubandikwa kosa lake mgongoni siku nne tu, binti huyo alipona kabisa. Wenzake walifurahi sana." Umeme haukukatika siku hiyo. Alikichapa chote, neno kwa neno, bila kosa hata moja, kisha akaenda chooni akakaa huko mpaka Bi Hellen akagonga mlango.

Mwezi wa tano, kitabu kikiwa kimekwisha, mwalimu alikuja na wazo jipya.

"Mpangilio haufai. Mtoto husoma cha kwanza, na cha kwanza ndicho kinachoganda kichwani. Usahihi uje kushoto. Kosa liende kulia. Kitabu chote."

Kija alivuta pumzi, akayapanga maneno kichwani kabla ya kuyasema. "Mwalimu, mashine hii haijui safu. Inajua mstari. Vichwa naweza kuvibadilisha vyote kwa amri moja. Lakini maneno ya chini, lazima niyafute na kuyachapa upya, mstari kwa mstari. Ni kurasa mia na arobaini. Nipe wiki tatu."

"Wiki tatu! Uvivu wenu huu." Akamgeukia Bi Hellen. "Mimi nami nimezaliwa Magu, mama yangu hakujua neno moja la Kiswahili. Nilijifunza. Hawa wanashindwa nini?"

Bi Hellen alisema itabadilishwa.

Kija alianza na vichwa. Alitoa amri, na kwa kufumba na kufumbua mashine ikapita kurasa zote: palipokuwa KOSA pakawa SAHIHI, palipokuwa SAHIHI pakawa KOSA. Ndipo akaanza kuhamisha maneno yenyewe, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi. Umeme ulikuwa wa mgao, siku upo siku haupo. Wagombea nao walitaka vikaratasi vyao kwanza. Baada ya siku kumi na mbili alikuwa amemaliza sura mbili. Katika saba zilizobaki, vichwa vilikuwa vimehama lakini maneno hayajahama, na mtu angezisoma vile zilivyo, angejifunza kila kosa kama usahihi.

Siku ya kumi na tatu mwalimu aliingia saa nne asubuhi, ofisi imejaa. Watu watano walikuwa kwenye benchi wakingoja zamu.

"Disketi yangu," alisema. "Nimeongea na Okomo wa Igoma, mtambo wake uko wazi kesho. Baada ya hapo ni kazi za uchaguzi mpaka mwezi wa kumi na moja. Nipe."

Kija aliruka kutoka kwenye kiti. "Mwalimu, bado! Bado sula saba—"

Alijisikia lilipokuwa linatoka, akashindwa kulirudisha.

Mwalimu Luhende aliinua kidole. "Bado nini?"

Kija akafunika mdomo kwa kiganja.

"Sula! Jamani, mmesikia? *Sula* saba!" Aliwageukia watu wa benchi, na kwanza akacheka kwa pua. "Mchapaji wa kitabu cha *Ulimi Ulionyooka*! Sula!" Watu wawili wakacheka naye, wengine wakatazama chini. Kisha akamkazia macho Kija, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili, na uso wake ukafunguka kwa furaha ya kweli, kama aliyeona ndugu. "Ngoja. Ngoja kwanza. Wewe si binti Ngosha? Wewe si Kalatasi?"

Kija aliinamisha kichwa.

"Ndiye! Ndiye Kalatasi mwenyewe!" Akawasimulia watu wa benchi kisa chote, dawati, wino mwekundu, pini, Ijumaa, akionyesha kwa mikono jinsi alivyombandika. "Umo kwenye kitabu changu, unajua? Nimeandika kwamba ulipona. Kumbe hukupona. Itabidi nifute." Akacheka mpaka akatoa leso.

Alisikia kosa, habari yenyewe hakuisikia. Saba za nini, bado za nini, hakuuliza. Alinyoosha kiganja mbele yake na kukiacha hapo hewani.

Kija aliketi. Alitia disketi kwenye mashine, akanakili kitabu kama kilivyokuwa, akaitoa. Akachukua na kurasa za sura mbili za mwanzo zilizokwisha kutoka, akazifunga pamoja kwa kibanio.

"Tayari, Mwalimu," alisema.

Mwalimu alizisoma zile sura mbili pale pale, amesimama, kalamu nyekundu mkononi. Hakuona pa kuweka alama. "Umeona? Ukitaka unaweza," alisema, akatoka na disketi kwenye mfuko wa koti.

Jioni Kija alijiambia atamfuata. Kesho yake alijiambia hivyo hivyo. Siku ya tatu alifika kweli Igoma, akashuka barabara ya Musoma, akauliza kwa Okomo, akaonyeshwa kibanda cha mabati kati ya wachomeleaji. Mtambo ulikuwa ukisikika kutoka nje. Mlangoni palikuwa na rundo la karatasi zilizopigwa chapa, na ya juu kabisa ilikuwa ya sura ya sita. Aliisoma mistari minne. Kisha akageuka akarudi mjini, na njia nzima alihisi joto tamu kifuani, akaogopa utamu wake.

Okomo naye, lazima isemwe, alimwita mwalimu aje asome kabla hajapiga chapa. Okomo alikuwa Mluo wa Shirati, mtu mpole mwenye vidole vyeusi kwa wino.

"Mwalimu, kaa hapa usome yote. Nikianza sitarudi nyuma. Hii ndiyo desturi ya kazi yetu, mwenye kitabu anasoma anaweka sahihi."

"*Desturi ya kazi yesu*?" mwalimu alimwigiza. "Yesu ndiye mwenye mtambo? Sema *yetu*, na ukifika kwenye shamba useme *shamba*. Mimi nimesoma kabla wewe hujazaliwa." Okomo alikuwa amesema yetu vizuri kabisa. Mwalimu alitazama jalada, akafunua kurasa kumi za mwanzo, akaweka sahihi. Okomo akaikunja ile karatasi ya sahihi, akaiweka kwenye kopo.

Vitabu mia nane vilitoka, na mwalimu aliuza kiwanja chake cha Igoma ili vitoke.

Uzinduzi ulifanyika mwezi wa nane, ukumbi wa parokia, Jumamosi baada ya misa ya asubuhi. Walialikwa walimu wakuu, wazazi, na mgeni rasmi alikuwa Bwana Mihayo, mfanyabiashara wa sangara aliyekuwa akigombea udiwani. Bi Hellen alivaa gauni jipya, akamlazimisha Kija waende wote, ofisi ijulikane. Kija aliketi safu ya nyuma kabisa, karibu na mlango. Mbele, pembeni ya meza kuu, aliketi mke wa mwalimu, Mama Bernadeta, mwanamke mwembamba ambaye muda wote alishika mkoba mapajani kwa mikono miwili.

Mwalimu alihutubia kwa nusu saa. Kisha akamwita msichana wa darasa la saba, akamkabidhi kitabu mbele ya watu wote.

"Fungua popote. Popote! Soma kwa sauti. Anza na sahihi, kisha kosa."

Msichana alifungua katikati. Alikuwa na sauti nzuri, ya kengele.

"Sahihi: kupiga kula. Kosa: kupiga kura."

Msichana akamtazama mwalimu. Mwalimu akatabasamu, akitikisa kichwa. "Umesoma vibaya. Rudia."

"Sahihi: kupiga kula," alirudia. "Kosa: kupiga kura. Sahihi: habali ya asubuhi. Kosa: habari ya asubuhi. Sahihi: Mungu akubaliki. Kosa: Mungu akubariki."

Kicheko kilianzia nyuma, kwa vijana waliosimama, kikaja mbele kama maji. Mwalimu alimnyang'anya msichana kitabu, akasoma mwenyewe midomo ikicheza. Akafunua ukurasa mwingine. Akafunua mwingine. Akachukua kitabu kingine kutoka kwenye rundo, kana kwamba hicho kingekuwa tofauti.

Ndipo Bwana Mihayo aliposimama. Kila mtu Mwanza alijua kwamba katika mikutano yake ya hadhara alikuwa akiomba "kula" na si kura, na wapinzani wake walimcheka kwa hilo. Alikishika kitabu juu.

"Ndugu zangu!" alinguruma. "Kumbe miaka yote mimi nilikuwa sahihi! Mwalimu amethibitisha! Mwezi wa kumi msisahau, mnipe kula!"

Watu waliinama kwa kucheka. Wengine walipiga meza. Mwalimu mkuu mmoja aliyewahi kufundishwa na Luhende alikuwa akijifuta machozi, na hakuwa na haraka ya kuyamaliza. Mwalimu Luhende alikohoa kile kikohozi chake. Hakuna aliyenyamaza. Akakohoa tena.

Kija alikuwa ameingoja siku hii tangu akiwa na miaka kumi na mitatu, bila kujua kwamba anaingoja. Alimtazama Mama Bernadeta akinyanyuka, akiweka mkoba chini, akianza kuvikusanya vitabu mezani kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayeanua nguo mvua inapokuja. Lile joto kifuani lilitoka, na Kija hakujua kilichobaki mahali pake.

Jumatatu mwalimu alikuja Mirongo. Hakuketi. Bi Hellen hakumpa nafasi ya kuanza.

"Mwalimu, pole sana. Kwetu kilitoka sawa. Si ulizisoma mwenyewe sura mbili hapa hapa, ukaridhika? Huko Igoma ndiko walikokoroga. Mashine zao hazielewani na zetu." Alisema hivyo bila kumtazama Kija. Kwamba alikuwa anajua au hajui, Kija hakuambiwa kamwe.

Mwalimu akamtazama Kija. Kija akatazama vitufe.

Mwalimu akaenda Igoma. Watu wa huko walisimulia kwamba alimtukana Okomo mbele ya wachomeleaji kwa saa nzima, akamwita mvuvi aliyepotea njia, akaigiza matamshi yake neno kwa neno. Okomo alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa karatasi kutoka kwenye kopo, akamwonyesha sahihi yake, akafunga kibanda, akaenda kula.

Lakini mabamba ya kupigia chapa Okomo alikuwa bado nayo, akapiga vingine. Baada ya wiki mbili, wachuuzi wa stendi walikuwa na *Ulimi Ulionyooka* juu ya masanduku yao ya peremende na betri. "Kitabu cha Mwalimu Kula! Soma ucheke mpaka Musoma!" Watu walikinunua. Mabasini walikisomeana kwa sauti. Kisa cha binti mzito wa kichwa, kilichofuatwa na ukurasa unaosema kwamba kalatasi ndiyo sahihi, kilipendwa kuliko vyote.

Kija alivumilia mwezi mmoja. Jumapili ya pili ya mwezi wa tisa alikwenda Kiseke.

Mama Bernadeta alimfungulia, akampa kigoda, akamletea maji. Sebule yote ilikuwa vitabu. Mwalimu aliketi mezani na rula na wino mweusi, akikata vichwa vya safu na kuandika vingine juu yake kwa mwandiko mdogo, ukurasa kwa ukurasa. Kitabu kimoja kilimchukua nusu siku. Upande wa kulia wa meza palikuwa na vilivyokamilika. Kija alivihesabu kwa jicho: havikufika arobaini.

"Mwalimu," alisema, na alikuwa ametulia kabisa. "Si Okomo. Ni mimi. Nilikuwa nimemaliza sura mbili tu. Saba zilikuwa bado. Nilikupa disketi nikijua."

Kalamu ilisimama. Mama Bernadeta, mlangoni, alishika kitasa.

"Ulijua," alisema mwalimu.

"Nilijua. Nilianza kukwambia. Nikasema bado sura saba."

"Hukusema sura." Aliinua macho. Yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa ya darasani. "Ulisema sula. Nilikusikia vizuri."

Kija alisubiri. Alidhani litafuata neno jingine, lolote, hata tusi. Halikufuata. Mwalimu alirudi kwenye rula yake.

"Nitazimalizia," alisema Kija. "Zote saba. Jioni, baada ya kazi, sitataka kitu. Kisha kitapigwa chapa upya mahali pengine."

"Maliza," alisema mwalimu bila kuinua kichwa.

Nje, Mama Bernadeta alimsindikiza hadi kwenye uzio wa minyaa. "Mama mkwe wangu alikaa humu ndani miaka sita," alisema ghafla. "Bwana alikataza Kisukuma nyumbani, na bibi hakujua kingine. Alikufa hajawahi kuongea na wajukuu zake. Walikuwa wanatazamana tu." Aling'oa jani kavu kwenye mnyaa. "Ulichofanya ni kibaya, binti yangu. Lakini sikulala njaa kwa sababu yako. Nimelala njaa kwa sababu ya kitabu."

Kija alizimaliza sura saba kwa wiki tano. Alizikagua mara tatu. Kile kisa cha binti mzito wa kichwa alikiacha kama kilivyo, kwa kuwa mwalimu hakusema kitolewe. Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya, safu zimesimama kama mistari ya pamba iliyopaliliwa, na hakuna mahali nukta iliporuka. Mwalimu aliuza baiskeli na cherehani ya mkewe, vikatoka vitabu mia tatu vyenye jalada la kijani badala ya jekundu, na juu yake yakaandikwa: *Toleo Lililosahihishwa*.

Havikununuliwa. Mwalimu alizunguka navyo shule kwa shule kwa miguu, Kiseke, Igoma, mpaka Kisesa. Kila alipokiweka kitabu mezani, mwalimu mkuu alilitazama jina, akauma mdomo, akaita wenzake waje. Wengine walimwomba awasomee kidogo. Stendi alijaribu pia. Mchuuzi alikifungua kile cha kijani, akasoma, akakunja uso. "Hiki kimeharibika, mzee. Hakichekeshi. Watu wanataka kile chekundu." Watoto walimfuata barabarani. "Shikamoo, Mwalimu Kula!" Na kwa sababu ilikuwa salamu, na salamu haikataliwi, aliitikia.

Uchaguzi ulipita. Bwana Mihayo akapata udiwani.

Mwezi wa kumi na mbili, siku moja ya mvua, Mama Bernadeta aliingia ofisini Mirongo akiwa peke yake, kikapu mkononi. Bi Hellen alikuwa amekwenda benki.

"Unayo bado ile ya kwanza?" aliuliza. "Ile disketi ya makosa?"

"Ninayo nakala yake, Mama."

"Nitolee kurasa zake zote. Kuna mtu Kirumba ana mtambo, atatupigia chapa. Okomo anakula, wachuuzi wanakula, na sisi wenye kitabu tunakunywa uji bila sukari. Basi na sisi tuuze hicho hicho."

Kija hakugusa kitu. "Mwalimu amekubali?"

"Yuko nje."

Kija alichungulia. Mwalimu Luhende alikuwa chini ya upenu wa duka la vipuri, amewapa mgongo, akitazama matairi yaliyotundikwa kana kwamba anachagua. Maji ya upenu yalikuwa yakimwangukia kiatu kimoja, naye hakusogea.

"Amesema neno moja tu," alisema Mama Bernadeta. "Amesema jina lake litolewe kwenye jalada. Kiwe hakina mwandishi."

Kija aliitia disketi kwenye mashine. Ukurasa wa kwanza ukatokea, jina la kitabu juu, na chini yake, kwa herufi kubwa, jina la mwalimu. Aliweka kidole kwenye kitufe cha kufutia. Herufi zilikuwa kumi na nne, na nafasi moja katikati.

"Nilifute?"

Mama Bernadeta alitazama nje, kisha akatazama kioo cha kompyuta.

"Kile chekundu kina jina," alisema. "Wateja wanakijua kwa jina. Liache."

"Na yeye utamwambiaje?"

"Atakiona kikitoka."

Kija aliondoa kidole. Angeweza kubishana, angeweza hata kulifuta kisha akajitetea kwamba mashine imekosea, na mashine zilikuwa zikikosea kila siku. Alitoa amri ya kupiga chapa. Printa ikaanza kulia, ukurasa baada ya ukurasa, na walikaa wanawake wawili wakiusikiliza mlio ule hadi mwisho.

Mama Bernadeta alizifunga kurasa kwenye nailoni zisilowe, akaziweka kikapuni chini ya nyanya, akaaga. Mlangoni alisema kitu kwa mumewe. Mwalimu alimwacha atangulie hatua kadhaa, kisha akamfuata kwenye mvua kuelekea Kirumba.